Nani Anashika Ufunguo wa Ghala?

Sisi vijana tunaojifunza kuandika tuna ugonjwa mmoja. Tukiambiwa tuandike historia, mbio tunakimbilia kwa watemi, kwa Wajerumani, kwa Mkwawa na vita vya Majimaji. Jikoni hatuingii. Historia ya kwetu Ufipa nilisomeshwa kwa aya mbili tatu tu: Wafipa walifua chuma, Wafipa walilima kwa matuta, basi, kengele ikalia. Walikula nini, chakula walikiweka wapi, kilidumu muda gani, na nani aliruhusiwa kufungua mlango wa kihenge, hayo hayakuwemo. Nami nathubutu kusema kwamba hayo ndiyo yaliyoamua nani aishi kama mtu huru na nani awe mtumwa wa mwenzake.

Ndugu msomaji, mimi ni mtoto wa Muze. Kama hujafika, Muze iko chini kabisa ya Lyamba lya Mfipa, ule ukingo mrefu wa mlima unaotenganisha Ufipa ya juu, yenye baridi ya kutetemesha meno, na Bonde la Ziwa Rukwa, lenye joto la kuvua shati. Kutoka Sumbawanga mjini unapita Ntendo, halafu gari linaanza kuteremka kona baada ya kona mpaka masikio yanaziba. Ukifika bondeni unakuta mpunga, mahindi, ufuta, samaki wa Rukwa, ng'ombe wa Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Mgeni akitazama atasema, hawa jamaa njaa wataisikia redioni tu.

Sasa sikiliza maajabu. Mwezi wa saba mahindi yamejaa mpaka barazani, kuku wanachagua punje ya kudonoa. Wanunuzi wanafika na malori na magunia yao ya lumbesa, bei wanapanga wao. Mwezi wa pili mwaka unaofuata, mvua ikinyesha na shamba bado kijani, watu wale wale waliouza wanapita na ndoo tupu wakitafuta mahindi ya kununua. Wanayanunua kwa bei inayochoma. Mwezi wa saba tena, yale yale. Nimekua nikiona hivyo, na nilidhani ni amri ya Mungu. Kumbe ni historia, na historia ina mwanzo.

Ulezi, benki ya mababu

Kabla mahindi hayajawa mfalme, Ufipa ilikula ulezi. Wakulima wa uwanda wa juu walifyeka na kugeuza majani pamoja na udongo wa juu, wakatengeneza vilima vidogo vya mviringo. Kwa Kifipa huitwa intumba. Nyasi zilioza ndani, na juu yake wakapanda mazao kama maharage. Msimu uliofuata walivibomoa vilima hivyo, wakatawanya ule udongo uliokwisha kuiva kwa mbolea, wakamwaga mbegu za ulezi. Hapakuwa na mfuko wa mbolea kutoka kiwandani wala deni la pembejeo. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwaeleza Wafipa kuwa ni watu wa kilimo kuliko makabila mengine aliyoyaona safarini.

Ulezi una siri moja kubwa. Punje yake ni ndogo na ngumu, mdudu hapati nafasi ya kutoboa na kutaga ndani. Ukikaushwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu unakaa miaka, hata kumi. Kihenge cha ulezi basi kilikuwa benki. Mwaka wa neema ulimlipia mtu mwaka wa shida uliokuwa bado kuzaliwa.

Na shida zilikuja. Bonde letu hili la Rukwa ni moja ya mahali pachache duniani ambapo nzige wekundu huzaliana kwa wingi. Baa lililoanza karibu mwaka 1930 lilienea sehemu kubwa ya kusini na mashariki ya Afrika na halikwisha mpaka mwaka 1944. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1949 serikali za wakoloni ziliunda shirika la kimataifa la kupambana na nzige hao, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia, si mbali na kwetu. Hebu fikiri: nzige anakula shamba zima kabla ya saa sita mchana, lakini hali ulezi wa miaka mitatu iliyopita uliofungiwa ndani ya kihenge kilichosiribwa udongo. Aliyekuwa na akiba alilia akanyamaza. Asiyekuwa nayo alikwenda manamba.

Jambo moja naomba ulishike, kwa sababu nitalirudia. Kwa bibi yangu mzaa mama, kihenge cha kula kilikuwa cha mama mwenye nyumba. Babu angeweza kuuza mbuzi na kugawa shamba, angeweza hata kupigana na jirani, lakini hakuingiza mkono kihengeni bila kuuliza. Bibi alijua kwa kutazama tu kwamba kiasi hiki kinafika mpaka mavuno, na kiasi hiki ndicho cha pombe ya kualika watu wa kulima. Hakuandika popote. Hesabu ilikuwa kichwani.

Misheni na sahani

Ukitaka kuona kihenge kitupu kilivyoweza kumgeuza mtu, nenda Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, siku hizi Mkoa wa Katavi. Ngome ya pale ilijengwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji wa lile shirika la Mfalme Leopold. Mwaka 1885 ilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe. Kutoka kando ya ziwa ndiko Ukatoliki ulikopanda mpaka Ufipa yote, chini ya Askofu Adolphe Lechaptois aliyeongoza vikarieti ya Tanganyika kuanzia mwaka 1891 hadi alipofariki mwaka 1917.

Waliowazunguka mapadri miaka ile ya mwanzo wengi wao walikuwa watoto na watu wazima waliokombolewa kutoka utumwani. Mmoja anayekumbukwa mpaka leo ni Adrian Atiman, aliyetekwa akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea uganga wa kizungu Malta, na akafika Karema mwaka 1889. Alitibu watu pale mpaka alipokufa mwaka 1956. Huyo alitekwa. Lakini katika Afrika Mashariki ya karne ile hawakuuzwa waliotekwa vitani peke yao. Sehemu nyingi, njaa ikibana, mtoto aliwekwa rehani kwa kapu la nafaka, na rehani isipokombolewa akawa mali ya mtu. Kihenge kitupu kilikuwa mlango wa utumwa.

Misheni ilipolima na kulisha, iliokoa maisha. Hilo halina ubishi. Lakini sahani ile ilikuwa na masharti. Katika vijiji vya kwanza vya wakristo padri alikuwa mlishaji, hakimu, na mara nyingi mshenga wa ndoa. Chakula na utii vilipakuliwa kwenye sahani moja. Siwalaumu, nasema tu kwamba mwenye ghala ndiye mwenye neno la mwisho, avae kanzu nyeupe au kaptula ya kaki.

Mahindi, serikali na Scania

Mahindi yalikuwepo Ufipa tangu zamani, ila kama mazao ya pembeni. Yaliyoyapandisha kiti ni siasa na bei. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lililoanzishwa mwaka 1968, lilikabidhiwa kazi ya kununua nafaka mwaka 1973. Ukame wa 1973 hadi 1975 ukaitisha serikali, nchi ikanunua chakula kingi nje. Mkoa wa Rukwa ulizaliwa mwaka 1974, mwaka ule ule watu wengi walipohamishiwa vijiji vipya. Kisha ikaja bei moja ya nchi nzima: gunia la mahindi lililipwa sawa, lilimwe karibu na Dar es Salaam au huku kwetu mwisho wa barabara. Gharama ya lori ilikuwa juu ya serikali. Mbolea ya chumvichumvi nayo ikashushwa bei.

Kwa mkulima wa Rukwa hiyo ilikuwa dili ambayo haijapata kutokea. Rukwa, Mbeya, Iringa na Ruvuma zikawa mikoa minne mikubwa ya mahindi, ghala la taifa. Tulijivuna, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Lakini tazama kilichofanyika kimya kimya. Nafaka iliyokaa nyumbani miaka mingi ilibadilishwa na nafaka isiyokaa. Ghala likahama kutoka nyuma ya nyumba likaenda mjini. Kihenge cha mama kikawa stakabadhi ya karatasi mfukoni mwa baba. Na kama wazee wanavyokumbuka, karatasi ile haikugeuka fedha siku ile ile. NMC ililemewa na madeni, malipo yakachelewa, magari yakachelewa, mahindi mengine yakanyeshewa kwenye vituo vya kununulia. Kufikia mwaka 1990 biashara ya nafaka ilikuwa imeachiwa watu binafsi, na bei moja ya nchi nzima ilikuwa imezikwa.

Wakati huo huo adui mwingine alikuwa njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wa Tabora waliona mdudu mweusi mdogo ambaye hawakumjua, anayetoboa mahindi kwenye magunzi mpaka yanageuka unga. Walimbatiza Scania, kama lile lori, kwa namna alivyofanya kazi. Wataalamu wanamwita dumuzi. Kwao ni Amerika ya Kati na Mexico. Inaaminika aliingia na nafaka kutoka nje. Vipimo vya Tabora miaka ile vilionyesha kwamba mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake kwa miezi michache yanaweza kupoteza hata theluthi moja ya uzito. Serikali ikahimiza watu wapukuchue, wachanganye na dawa ya unga, ndipo waweke. Dumuzi akasafiri nchi nzima na nje ya nchi. Joto la bondeni kwetu anali­penda kuliko baridi ya juu.

Sasa unaelewa kwa nini mtu wa Muze anauza mwezi wa saba? Wengine husema ni ulevi, wengine husema ni ujinga. Mimi nasema mtu anayejua kwamba nusu ya gunia lake italiwa na mdudu ana akili akiuza mapema. Akichanganya na ada ya shule, deni la dawa ya shamba na harusi ya mdogo wake, atauza lote. Soko huria lilimkuta hana kihenge, na ulezi ulikuwa umebaki wa uji na pombe.

Wanawake wa Utah

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kama kuna watu popote waliowahi kujenga akiba ya chakula ya nyumba kwa nyumba, wakaidumisha kwa vizazi. Nilimkuta mfano mmoja mbali kabisa, Marekani, jimbo la Utah, kwenye Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu huwaita Wamormoni. Dini yao si yangu, na si kazi yangu hapa kuitetea. Nilitaka kujua ghala lao.

Mwaka 1876 kiongozi wao Brigham Young alimwomba mwanamke mmoja mwandishi, Emmeline B. Wells, awaongoze wanawake wa kanisa kuweka akiba ya ngano. Msomaji, nimesema mwandishi: huyu mama alikuwa mhariri wa gazeti la wanawake. Wanawake wale, chini ya chama chao cha Msaada, waliokota masazo mashambani kama Ruthu wa kwenye Biblia, wakachanga, wakanunua, wakajenga maghala yao wenyewe. Mwaka 1906 San Francisco ilipobomolewa na tetemeko la ardhi, walipeleka unga. Mwaka uliofuata wakapeleka China penye njaa.

Halafu ikaja vita kuu ya kwanza. Mwaka 1918 serikali ya Marekani ilitaka ngano, na kanisa likaiuzia zaidi ya busheli 200,000 kutoka kwenye akiba ile. Kwa kipimo chetu ni zaidi ya magunia 54,000 ya kilo mia. Emmeline Wells alikuwa na umri wa miaka 90, na ndiye rais wa chama. Mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson mwenyewe alimtembelea kumshukuru. Habari nzuri, siyo? Ila kuna kitu kimekaa chini ya zulia. Viongozi wa kiume waliokubali kuiuza ngano ile hawakuwauliza kwanza wakuu wa chama cha wanawake. Ngano ya wanawake ya miaka arubaini na zaidi ilitolewa ghalani na watu ambao hawakuiokota. Fedha ziliwekwa mfukoni wa chama na riba yake ikatumika kwa afya ya mama na mtoto, lakini ghala lilikuwa limefunguliwa kwa ufunguo wa mtu mwingine. Mwaka 1978 ngano iliyobaki na mfuko wake vilikabidhiwa kwa idara kuu ya ustawi ya kanisa.

Nilipofika hapo nikacheka peke yangu. Nilikwenda mpaka Utah kutafuta dawa, nikamkuta bibi yangu.

Kopo na siri yake

Sura ya pili ya hadithi yao ndiyo ya makopo. Mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 uliwaacha maelfu bila kazi. Katika sehemu moja ya Salt Lake City iliyoongozwa na Harold B. Lee, zaidi ya nusu ya waumini walihitaji msaada. Mwaka 1932 walifungua ghala lao. Wasio na kazi walikwenda kuvunia wakulima ambao hawakuwa na fedha za kuwalipa vibarua, wakalipwa mazao. Mwaka 1936 kanisa zima likaanzisha mpango wa namna hiyo. Vikajengwa viwanda vidogo vya kusindika vyakula, waumini wakienda kwa zamu kumenya, kupika na kufunga makopo: mengine ya ghala la wahitaji, mengine ya kupeleka nyumbani. Kwa miaka mingi kila familia ilihimizwa iwe na akiba ya mwaka mzima. Mwaka 2007 ushauri ukalegezwa: anza na miezi mitatu ya kile unachokula kila siku, halafu ongeza vyakula vya kukaa muda mrefu.

Tuseme basi parokia zetu nazo zijenge viwanda vya makopo? Taratibu, bwana. Kopo ni sayansi, na sayansi ina ukali wake. Mfaransa Nicolas Appert ndiye aliyegundua, na mwaka 1810 akalipwa na serikali yake faranga 12,000 kwa kutangaza siri yake: fungia chakula kwenye chombo kisichopitisha hewa, kisha kichemshe. Kwa nini hakiozi, mwenyewe hakujua. Walimwengu walisubiri mpaka Louis Pasteur aeleze habari ya vijidudu. Vyakula vichachu kama nyanya zilizotiwa ndimu au matunda vinatosheka na maji yanayochemka. Lakini maharage, nyama, samaki na mboga vina hatari. Kuna kijidudu ambacho mbegu zake hazifi katika maji ya kuchemka, na ndani ya kopo lisilo na hewa hutoa sumu inayoua bila kubadili harufu wala ladha. Vyakula hivyo vinataka chombo cha kupikia kwa mgandamizo kinachofikisha joto la nyuzi 116 na zaidi. Na Sumbawanga mjini, kwa ule urefu wake toka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 tu. Kila mpika maharage wa pale anajua: kuni zinakwisha, maharage yanakutazama. Mtu akifungia maharage kwenye chupa kwa kuyachemsha tu sufuriani, anafunga sumu. Kwa hiyo kopo la mboga si letu, mpaka tuwe na mitambo, umeme wa uhakika na mabati ya makopo.

Ila Wamormoni walikuwa na kopo la pili, na hilo ndilo lililonifumbua macho. Ni kopo kavu. Ngano, maharage, mchele, vilivyokauka kabisa, vinatiwa kwenye kopo bila kupikwa, hewa inaondolewa, linafungwa. Mdudu aliyemo anakosa pumzi anakufa, na nafaka inakaa miaka. Moto hauhitajiki hata kidogo.

Lo! Hilo tunalo. Kihenge kilichosiribwa pande zote kilikuwa kinakaribia kazi hiyo. Na siku hizi kuna mifuko yenye tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kawaida nje, ambayo kwetu huitwa mifuko ya kinga njaa. Ilianzia kwenye utafiti wa kuhifadhi kunde huko Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, ukiongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue. Unakausha mahindi sawasawa, unajaza, unabana hewa itoke, unafunga kila tabaka peke yake kwa nguvu. Dumuzi anamaliza hewa iliyobaki, anazimika. Hakuna dawa ya unga. Dumuzi Scania amekutana na barabara iliyofungwa.

Na tusijidharau. Mama anayekausha samaki juu ya moshi kule ziwani anasindika. Wasukuma walikuja bondeni na michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo vinangoja mwezi wa pili bila kulalamika. Mboga kavu tunazozionea aibu mbele ya wageni wa mjini ndizo kopo letu kavu.

Yusufu, upande wa pili

Kanisani kwetu, mahubiri ya akiba yana shujaa mmoja: Yusufu wa Misri. Miaka saba ya shibe, sehemu moja ya tano inawekwa ghalani, miaka saba ya njaa watu wanapona. Mwanzo, sura ya 41. Wahubiri wengi huishia hapo. Wewe endelea mpaka sura ya 47. Njaa ilipokaza, watu walewale waliolima nafaka ile walikwenda kuinunua kwa Farao. Kwanza kwa fedha, zilipokwisha kwa mifugo, mifugo ilipokwisha kwa mashamba yao na miili yao. Wakapona, naam. Wakawa watumwa wa Farao. Nafaka ilikuwa jasho lao. Ufunguo haukuwa wao.

Ukiweka kando majina, ni hadithi moja niliyoisimulia toka mwanzo: rehani ya mtoto, sahani ya misheni, stakabadhi ya NMC, ngano ya Emmeline Wells, ndoo tupu ya mwezi wa pili pale Muze. Sisemi ghala kubwa ni baya. Serikali ina Wakala wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulioanza kazi mwaka 2008, na Sumbawanga ni moja ya kanda zake. Vihenge vya chuma vya kisasa vimejengwa kwa mkopo wa Poland. Nchi isiyo na akiba ya taifa ni nchi ya ombaomba. Lakini akiba ya taifa imewekwa kwa ajili ya taifa. Mtoto wa Muze anayelala na uji mwembamba mwezi wa pili hawezi kwenda kugonga mlango wa kihenge cha chuma. Anamgongea mama yake.

Kwa hiyo naomba nifikishe hoja yangu, hata kama nitaitwa kijana mwenye domo. Kanisa letu lina kitu ambacho Utah walikijenga kwa jasho: lina watu waliojipanga. Kuna jumuiya ndogo ndogo, nyumba kumi, kumi na tano, zinazojuana mpaka madeni. Kuna WAWATA, umoja wa wanawake wakatoliki, uliopo tangu mwaka 1972. Wakati wa mavuno kila mmoja hupeleka malimbuko altareni. Kinachokosekana ni chumba kimoja kikavu chenye paa lisilovuja, mifuko ya kinga njaa, daftari, na makubaliano. Kila nyumba iweke mwezi wa saba magunia yake ya kula, yameandikwa jina. Yasitoke kwa mnunuzi, yasitoke kwa harusi, yasitoke kwa mchango wa ujenzi wa nyumba ya padri. Yatoke mwezi wa kwanza, kwa mwenyewe. Asiye na gunia afanye kazi, apate.

Na ufunguo? Ufunguo washike wanawake wa jumuiya, wawili au watatu kwa kufuli tofauti. Mzee wa kanisa asiushike, mwenyekiti wa kijiji asiushike, wala mimi mwandishi. Wakati wa kutoa hata gunia moja, waulizwe wao kwanza. Wanaume wenzangu watanuna. Wanune. Hakuna mwanaume aliyewahi kupika ugali kwa kununa.

Wenzangu mnaoandika, kazi yetu nayo ipo. Hayo niliyoyasema juu ya kihenge cha ulezi yamo kwenye vichwa vya wazee wetu wa kike, na vichwa hivyo vinakwenda kaburini kila masika. Riwaya tutaandika, na za mapenzi pia, nani asiyetaka? Lakini likizo hii chukua daftari, kaa jikoni kwa bibi yako, umuulize maswali ya kijinga: mlikula nini mwaka wa njaa, mliweka wapi, nani alifungua. Andika majina ya vyombo kama anavyoyataja yeye, kwa lugha yake. Wakati akichambua mboga, msaidie. Historia ya watu walioshinda njaa haijaandikwa bado, na walioishinda wengi wao hawajui kwamba walifanya kitu cha kuandikwa.